Tumbo la Jumatatu: Kujuana kwa Wanafunzi Wapya wa Kidato cha Kwanza katika Pwani ya Ushongo

Mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari, mgonjwa wa aina moja huanza kuonekana katika zahanati za vijijini. Ni mtoto wa miaka 13 au 14, sare yake bado ina mikunjo ya dukani, naye ameshika tumbo. Mama yake anaeleza kwamba maumivu humwanza Jumapili jioni, humzidi Jumatatu alfajiri wakati wa kujiandaa kwenda shule, na kufikia Ijumaa usiku yamekwisha bila dawa. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi vimelea. Choo ni safi, mkojo ni safi. Hana homa, na anapobonyezwa tumbo hawezi kuonyesha mahali pamoja panapouma. Akiandikiwa dawa ya minyoo na kurudishwa nyumbani, Jumatatu nyingine atarudi.

Mtoto huyo hadanganyi. Utumbo una mtandao wake wa neva unaowasiliana na ubongo wakati wote, na mwili unapoingiwa na hofu, homoni za adrenalini na kotisoli hubadilisha mwendo wa utumbo, mtiririko wa damu na wepesi wa kuhisi maumivu. Maumivu ni ya kweli. Kinachokosekana ni kidonda. Muuguzi anayemjua mtoto wa pwani humtoa mama nje kwa dakika chache, kisha humuuliza mgonjwa wake maswali ambayo hayamo katika kadi ya kliniki.

"Shikamoo nesi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Haya niambie, darasani unakaa dawati moja na nani?"

"Na mtu tu."

"Anaitwa nani?"

"Simjui jina."

Mtoto aliyeanza shule wiki ya pili ya Januari, na katikati ya Februari bado hamjui jina mwenziwe wa dawati, ametoa jibu lenye uzito sawa na jibu la maabara.

Ushongo ni kijiji cha wavuvi na wakulima wa nazi, kusini mwa mto Pangani, mkoani Tanga, kikitazamana na kisiwa cha Maziwe. Mtoto aliyesoma shule ya msingi katika kijiji cha namna hiyo amekaa miaka saba na hirimu ileile. Alisoma nao chuoni kwa mwalimu mmoja wa Kurani, alicheza nao mpira ufuoni maji yalipokupwa, na anamjua bibi wa kila mmoja wao kwa jina. Hakuwahi kujifunza kujuana na mgeni, kwa sababu hakukuwa na mgeni. Baada ya mtihani wa darasa la saba, majina ya waliochaguliwa hutangazwa, na Januari mtoto huyo hujikuta katika shule ya sekondari inayokusanya watoto wa vijiji kadhaa: wa ufuoni, wa mashamba ya bara, na pengine wa ng'ambo ya mto. Wanaotoka mbali hupanga chumba karibu na shule, chumba ambacho wenyewe hukiita geto, nao hulala na kupika huko bila mtu mzima. Tangu Januari 2016, ada ilipofutwa katika shule za umma hadi kidato cha nne, milango ya sekondari imefunguka kwa watoto ambao zamani wangebaki nyumbani. Jambo hilo ni jema. Limefanya pia madarasa mengi kuwa makubwa kiasi kwamba mwalimu humaliza muhula bila kuyashika majina yote.

Mchanganyiko wa watu katika pwani hii una historia yake. Mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge, na iliyosalimika, ambayo idadi yake ilikuwa 62, ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yalizuka mashamba makubwa yaliyowavuta wafanyakazi wa mkataba, walioitwa manamba, kutoka Kigoma, Unyamwezi, kusini na kwingineko. Wajukuu na vitukuu vyao wapo madarasani leo pamoja na Wazigua, Wabondei na Wasegeju. Lugha yao ni moja, na kabila si kikwazo kikubwa kama mgeni anavyoweza kudhani. Kinachowagawa watoto katika wiki za mwanzo ni jambo dogo zaidi: nani amekuja na nani. Waliotoka kijiji kimoja wakiwa kumi hukaa pamoja, hula pamoja, hurudi pamoja. Aliyechaguliwa peke yake kutoka kijijini kwao husimama pembeni ya kila kundi. Huyo ndiye anayepaswa kutafutwa kwanza, na jina lake linapatikana kwa urahisi katika orodha ya usajili, kwenye safu inayotaja shule ya msingi alikotoka.

Lugha nayo huongeza uzito. Shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili. Sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa msemaji mkuu wa darasa la saba hugeuka bubu kwa siku moja. Katika shule nyingi desturi ya kumkaribisha ni kumsimamisha mbele ajitambulishe kwa Kiingereza, na kosa lake la kwanza la sarufi huwa ndilo jina lake la utani hadi kidato cha nne. Desturi hiyo ina nia njema na matokeo mabaya. Kiingereza kifundishwe kwa bidii yote, lakini utambulisho wa kwanza ufanywe kwa lugha ambayo mtoto anaweza kuchekesha nayo, kwa kuwa mtu hajulikani kwa wenzake mpaka awachekeshe au awasaidie.

Uzito wa jambo hili kiafya hauna shaka. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, na mwaka 2025 tume yake kuhusu mahusiano ya kijamii ilitoa ripoti iliyoeleza kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anaathiriwa na upweke, vijana wakiwa miongoni mwa wanaoumia zaidi. Dodoso la kimataifa la afya ya wanafunzi, ambalo Tanzania imewahi kulitumia, humuuliza mtoto ana marafiki wangapi wa karibu, katika orodha ileile inayouliza kuhusu chakula, sigara na majeraha. Walioliandaa waliona kwamba kukosa rafiki ni kihatarishi kama vihatarishi vingine. Katika pwani ya Tanga kihatarishi hicho kina sura inayojulikana. Mvulana asiye na mtu shuleni huanza kuchelewa, kisha hukosa siku mbili, kisha huonekana ngalawani, ambako wavuvi humpokea na kumlipa. Msichana asiye na wa kutembea naye njiani hukubali kupandishwa pikipiki bure na mtu mzima anayemwita kwa jina. Wazazi husema mtoto "ameharibika". Mara nyingi alikuwa akitafuta mtu wa kumjua tu.

Urafiki hujengwa na nini, hasa? Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, alikadiria kwamba watu wazima na wanafunzi wa chuo waliohamia mahali papya walihitaji takribani saa 50 za kuwa pamoja ili wasiojuana wawe marafiki wa kawaida, saa 90 ili wawe marafiki hasa, na zaidi ya saa 200 ili wawe marafiki wa karibu. Jambo muhimu zaidi katika matokeo yake ni kwamba saa za kukaa pamoja kazini au darasani kwa lazima zilisaidia kidogo. Zilizohesabika zilikuwa saa za hiari: kula, kucheza, kuzungumza bila shughuli maalumu. Mtoto anayekaa saa saba darasani akinakili ubaoni kimyakimya, kisha akatembea peke yake kurudi nyumbani, hajaanza hata kuhesabu. Wa geto, mchana ukiisha, ana jioni nzima ya kuzungumza. Kwa hiyo watoto wa geto, walio katika hatari nyingine nyingi, mara nyingi hupata marafiki mapema kuliko wale wa kutwa wanaotoka mbali.

Ukaribu wa mwili nao una nguvu isiyotazamiwa. Mwaka 1974, Mady Segal alichapisha uchunguzi wa askari polisi waliokuwa mafunzoni katika jimbo la Maryland, waliopangwa vyumba na viti kwa mfuatano wa alfabeti wa majina yao. Walipoulizwa marafiki wao ni nani, wengi walitaja watu ambao majina yao yalikaribiana na ya kwao katika alfabeti. Mwalimu wa pwani anayepanga madawati kwa daftari la mahudhurio afikirie jambo hilo. Atawaweka kina Mwajuma, Mwanahamisi, Mwanaidi na Mwanaisha katika pembe moja, na kina Abdallah, Ali na Athumani katika nyingine, na atakuwa amechagua marafiki wa watoto hao bila kukusudia. Akiwaacha wakae wapendavyo, watakaa kwa vijiji. Njia iliyo bora ni kubadilisha madawati kila baada ya wiki mbili katika muhula wa kwanza, na kuhakikisha kwamba katika kila dawati wapo watoto wa shule za msingi tofauti. Kazi hiyo haihitaji fedha. Inahitaji dakika 20 za Ijumaa mchana na mwalimu asiyetishwa na manung'uniko.

Kukaa karibu peke yake hakutoshi, kwani jirani anaweza pia kuwa mtesi. Gordon Allport, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu chuki baina ya makundi, alieleza kwamba watu wa makundi tofauti hupatana wanapokutana wakiwa na hadhi sawa, wakifanya kazi moja yenye lengo moja, na wakubwa wao wakiliunga mkono jambo hilo. Elliot Aronson aliligeuza wazo kama hilo kuwa mbinu ya kufundishia huko Austin, Texas, mwaka 1971, wakati watoto weusi na weupe walipoanza kusoma darasa moja. Somo hugawanywa vipande, kila mtoto katika kikundi hupewa kipande kimoja akijifunze na kuwafundisha wenzake, na hakuna awezaye kujibu maswali yote bila kumsikiliza kila mmoja. Mtoto aliyekuwa akipuuzwa huanza kuulizwa.

Mbinu hiyo inaweza kuvikwa nguo za hapa. Somo la biolojia kuhusu viumbe na makazi yao likigawanywa vipande vitano, mtoto wa Ushongo apewe kasa. Anajua, kwa kuwa ameona, kwamba Maziwe ilipoteza miti yake na sasa hufunikwa na bahari maji yanapojaa, na kwamba mayai ya kasa yanayotagwa huko huhamishiwa ufuoni kijijini kwao yasisombwe na maji. Mtoto wa mashambani hana habari hiyo. Yeye apewe mkonge, ambao wa ufuoni hajawahi kuukata. Kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake anakihitaji, na hilo ndilo linalomfanya jirani wa dawati aulize jina.

Nje ya darasa, mila za pwani zina chombo kinachofaa kuliko semina yoyote. Msichana wa pwani alikabidhiwa kwa somo wake, mtu mzima aliyemfundisha mambo asiyoweza kuambiwa na mama yake. Shule inaweza kumpa kila mwanafunzi mpya somo wa aina nyepesi: mwanafunzi wa kidato cha pili au cha tatu, wa jinsi ileile, anayetoka njia moja naye. Kazi yake iwe ndogo na inayotajika. Amwonyeshe vyoo na maji yalipo, ale naye wiki ya kwanza, atembee naye njiani, na amjulishe kwa watu watatu. Wanaochaguliwa wasiwe viranja peke yao. Aliyekuwa mpweke mwaka uliopita huifanya kazi hiyo vizuri zaidi, kwa kuwa anakumbuka.

Hapa inafaa kusema neno kuhusu utani. Utani wa makabila ni njia ya zamani ya kumfanya mgeni awe ndugu, na mjukuu wa Mnyamwezi na mjukuu wa Mzigua wanaweza kuanza urafiki kwa kutaniana kuhusu babu zao. Lakini utani una sharti: anayetaniwa ana haki ya kujibu. Pale ambapo "njuka", kama wanavyoitwa wageni wa kidato cha kwanza, hufuliwa nguo za wakubwa, hunyang'anywa chakula au huimbishwa usiku huku hana ruhusa ya kujibu, hakuna utani hapo. Huo ni uonevu, na baadhi ya walimu huufumbia macho kwa hoja kwamba nao walipitia. Mtoto aliyeonewa na ana rafiki mmoja huumia kidogo kuliko yule asiye na yeyote, nao watesi humpita wakimtafuta aliye peke yake. Hii ndiyo sababu lengo la wiki za mwanzo si kumfanya kila mtoto apendwe na wengi. Rafiki mmoja anatosha kubadilisha hatari yenyewe.

Jaribio jingine lastahili kuigwa kwa kuwa linahitaji karatasi na kalamu tu. Katika shule 11 za kati jimboni Wisconsin, Marekani, Geoffrey Borman na wenzake waliwahusisha wanafunzi 1,304 walioanza darasa la sita, ambalo huko ndilo mwanzo wa shule hizo. Sehemu yao walisoma maelezo ya waliowatangulia, waliokiri kwamba mwanzoni waliogopa masomo na kudhani hawatapata marafiki, na kwamba hali hiyo ilipita. Kisha wakaandika kwa maneno yao wenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba waliofanya zoezi hilo walikosa shule mara chache zaidi, walipata makosa machache ya nidhamu na alama bora kuliko wenzao walioandika mambo mengine. Shule ya pwani inaweza kuwaomba kidato cha pili waandike kwa Kiswahili, bila majina, waliogopa nini Januari iliyopita. Barua hizo zisomwe darasani katika wiki ya pili, si siku ya kwanza. Siku ya kwanza mtoto hasikii kitu.

Ili kumjua aliyeachwa, mwalimu wa ushauri na unasihi anaweza, mwishoni mwa mwezi wa kwanza, kumpa kila mwanafunzi kipande cha karatasi aandike majina ya watu watatu ambao angependa kukaa nao. Njia hii ni ya zamani, ilienezwa na Jacob Moreno katika miaka ya 1930. Majina ambayo hayakuandikwa na mtu yeyote ndiyo yanayotafutwa. Karatasi hazisomwi kwa sauti wala hazibandikwi ukutani, na kamwe mtoto asiulizwe nani hampendi.

Wapo wanafunzi ambao ugumu wao unaanzia kliniki, na hapo mhudumu wa afya ana kazi ambayo mwalimu hawezi kuifanya. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu. Mtoto mwenye selimundu, kifafa, au anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hukosa shule siku za kliniki, na siku hizo mara nyingi ndizo siku wenzake wanazopangwa vikundi. Muuguzi anaweza kuitenga tarehe ya kliniki mbali na wiki mbili za mwanzo wa muhula pale hali ya mgonjwa inaporuhusu, na kumpa dawa za kumfikisha huko. Kwa mwenye kifafa, ni afadhali mwalimu wa darasa na wanafunzi wawili wa karibu wafundishwe mapema, kwa ridhaa ya mtoto na mzazi, namna ya kumlaza ubavu na kutomtia kitu mdomoni, kuliko darasa zima kulijua jambo hilo siku atakapoanguka na kukimbiwa. Hali ya maambukizi ya VVU ni siri ya mtoto na familia yake. Hakuna zoezi la kujuana linaloruhusu kuigusa.

Mzazi naye asiulize "Umejifunza nini leo?" Mtoto mwenye huzuni hulijibu swali hilo kwa neno moja. Aulize alikula na nani, alirudi na nani, nani amemchekesha. Akitajiwa jina lilelile mara tatu, amwambie amlete nyumbani siku ya Jumamosi. Sahani moja ya wali wa nazi na samaki huwapa watoto wawili saa nne au tano za zile saa 50.

Si kila tumbo la Jumatatu ni la upweke. Mtoto anayepungua uzito, anayeamshwa na maumivu usiku, mwenye damu katika mkojo au choo, homa, au matapishi ya kijani apimwe kikamilifu, na katika pwani hii kichocho kisisahauliwe. Vivyo hivyo, si kila upweke husubiri kubadilishiwa dawati. Anayesema kwamba afadhali asingekuwepo, anayejikata, asiyelala kwa wiki mbili, aliyeacha hata mchezo alioupenda, au msichana mwenye zawadi na simu ambazo mzazi hakuzinunua, asikilizwe siku hiyohiyo faraghani na kupewa rufaa kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bila malipo.

Muda wa kujiandaa upo, na una tarehe. Kwa mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024, walioanza darasa la tatu mwaka huo watamaliza elimu ya msingi darasa la sita mwishoni mwa 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia watamaliza darasa la saba. Makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028, moja likiwa na watoto wadogo kwa mwaka mzima kuliko jingine.

Kwa mtoto aliyeshika tumbo zahanatini, tarehe ya kurudi iwe baada ya wiki mbili, siku ya Jumatatu. Kabla ya hapo muuguzi ampigie mwalimu wa darasa, kwa ruhusa ya mama, aombe mambo mawili: dawati lingine, na mwenzi wa njiani. Atakaporudi, swali la kwanza liwe lilelile kuhusu dawati, na jina atakalolitaja liandikwe kwenye kadi yake, chini ya uzito na joto la mwili, ili atakayemwona Machi ajue pa kuanzia.